Kurudishia Si Kufunga

Kila siku saa mbili asubuhi, fundi cherehani alifungua madirisha ya chumba cha mbele. Alipangusa cherehani yake, akachomeka pasi, akakaa kwenye kiti. Chumba kile ndicho kilichokuwa ofisi yake. Kilikuwa na meza ndefu ya kukatia, kioo kilichopasuka pembeni, na vitambaa vya wateja vilivyorundikwa mpaka karibu na dari. Mteja mwembamba alipita moja kwa moja. Mteja mnene alipita kiubavu, tena kwa kubana pumzi.

Nyuma ya chumba hicho kulikuwa na korido nyembamba. Mwisho wa korido kulikuwa na chumba cha mama mkwe wake. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea nje, na mlango huo ulikuwa kwenye chumba cha kushonea. Jambo hili hakuna aliyewahi kulifikiria. Nyumba nyingi za mtaa ule zilijengwa hivyo hivyo.

Mama alikuwa amevunjika nyonga miaka miwili nyuma. Miguu yake ilihitaji fimbo. Ulimi wake haukuhitaji chochote.

"Mwanangu," aliita kutoka kitandani kila alasiri, "hiyo suruali unayoshona ni ya mtu au ya tembo?"

"Ya mtu, Mama."

"Mbona mkasi umelia muda mrefu hivyo?"

Alisikia kila kitu kwa sababu mlango wake ulikuwa wazi daima. Mwanawe, yaani mume wa fundi, alikuwa dereva wa lori, na majuma matatu kati ya manne alikuwa safarini. Kwa hiyo wanawake hawa wawili walikaa wenyewe. Walitaniana, walinuniana, wakapatana, na siku zikaenda.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule, siku ya Jumanne saa tano asubuhi, mtu alipiga kelele barabarani.

"Moto! Moto kwa seremala!"

Fundi alitoka mbio na tepu ya kupimia shingoni. Karakana ya seremala ilikuwa mlango wa nne kutoka kwake, imeungana na nyumba aliyoishi seremala mwenyewe. Moshi mweusi ulikuwa unapenya chini ya mlango. Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Kila mtu alikuwa na ndoo yake, na kila mtu alikuwa na amri yake. Wawili walikuwa wanahangaika na sofa. Mmoja alikuwa anaumwagia maji ukuta wa jirani, sijui ukuta ule ulimkosea nini.

"Fungueni mlango!" sauti moja ilipaa. "Fungueni, moshi utoke!"

Aliyekuwa karibu na mlango ni fundi. Alishika kitasa, akavuta.

Kwanza ulisikika mvumo, kama mtu mkubwa anavuta pumzi. Kisha moto ukaruka nje. Ulipita juu ya kichwa chake, ukashika dari ya baraza, ukaingia kwenye nyumba. Fundi alianguka chali, nyusi zimebabuka. Alipoinua macho aliona paa zima linawaka. Kwa muda alisahau hata kuogopa. Alikuwa akiwasha moto jikoni kila siku ya maisha yake, akidhani wanafahamiana. Kumbe alikuwa hajawahi kuuona.

Gari la zimamoto lilitoka mjini. Lilifika baada ya saa moja na dakika kumi, na halikukuta cha kuzima. Hakuna aliyekufa. Lakini seremala na mkewe walibaki na nguo walizovaa tu.

Jioni ile fundi alikaa kwenye kiti chake, akatazama korido. Alimwona Mama amejilaza, fimbo imeegemea ukuta. Akatazama mlango wa nje. Akahesabu hatua. Zilikuwa hatua kumi na tisa za mtu mwenye miguu mizima. Moto ukianza hapa kwenye chumba cha kushonea, Mama atapita wapi?

Wiki iliyofuata watu waliitwa kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Aliyewaita alikuwa fundi bomba wa mtaa, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana. Kabla ya kushika spana alikuwa amefanya kazi ya zimamoto kwa miaka kumi na miwili. Watu walimwita Dada Bomba.

"Jamani," alisema, "gari la mjini linahitaji saa nzima kutufikia. Moto unahitaji dakika tano. Nani kati yenu anaweza hesabu?"

Watu wakacheka kidogo.

"Moto unataka vitu vitatu. Unataka kitu cha kuunguza. Unataka joto. Na unataka hewa, kama mimi na wewe. Ukiunyima kimoja tu kati ya vitatu, unakufa. Sasa, ndani ya ile karakana moto ulikuwa umekwisha kula hewa yote. Ulikuwa umekabwa. Halafu mlango ukafunguliwa."

Fundi aliinama. Alitamani dawati limmeze.

Mkutano ulipokwisha alisubiri watu watoke. Alimfuata Dada Bomba, akamwambia kwa sauti ndogo, "Dada, aliyefungua mlango ni mimi."

"Najua. Nilikuwa nakuja mbio, nikakuona."

"Nimemchomea mtu nyumba."

"Umefungua mlango kwa sababu hakuna aliyewahi kukwambia usifungue. Kila mtu pale angefungua. Lakini wewe sasa umeuona moto ukitoka, na hutasahau. Ndiyo maana nakutaka kwenye kikosi."

"Mimi? Mimi ni wa sindano na uzi!"

"Na mimi ni wa mabomba. Kwani nani alizaliwa na ndoo mkononi?"

Waliojiandikisha walikuwa kumi na wanne. Seremala naye alikuja, mtu wa maneno machache. Fundi hakuweza kushika mpira wa maji pamoja naye huku akiwa na siri moyoni. Alimwendea, akamwambia.

Seremala aliinama kukunjua mpira. "Na yule aliyepiga kelele kwamba mfungue," alisema, "unamjua ni nani?"

"Simjui."

"Ni mimi." Akachukua ncha ya mpira. "Haya, vuta huko."

Kazi ilianza. Hawakuwa na gari. Walikuwa na mkokoteni, tangi la lita mia tano, na pampu ndogo ya petroli iliyokuwa ikimwagilia bustani. Walitundika ringi kuukuu ya lori kwenye nguzo karibu na shule. Ikigongwa mfululizo, kila mmoja aache alichoshika, akimbie. Fundi aliwashonea fulana nzito za rangi ya chungwa ili waonekane ndani ya moshi. Kila Jumamosi asubuhi walifanya mazoezi. Walijifunza kutambaa, kwa sababu moshi hupanda juu na hewa safi hubaki chini. Walijifunza kupapasa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kugusa kitasa. Mlango ukiwa wa moto, nyuma yake kuna moto. Walijifunza kuzima swichi kubwa ya umeme kabla ya kumwaga hata tone la maji.

Na walijifunza habari ya milango.

"Mkiona chumba kinaungua," Dada Bomba alisema, "na hakuna mtu ndani, fungeni mlango. Mlango mzuri wa mbao unaweza kuuzuia moto dakika nyingi. Haya, tujaribu. Mimi naingia humu stoo kutafuta mtu. Nikisema funga, mfunge ule mlango wa pili, wa chumba kinachoungua."

Aliyekuwa mlangoni ni fundi wa kuchomelea, kijana wa watu mwenye mikono kama magogo, ambaye mtaa mzima ulimwita Nondo. Yeye ndiye aliyetengeneza vyuma vya madirisha yote ya mtaa ule. Dada Bomba aliingia stoo akitambaa. "Funga!" akapiga kelele. Nondo akafunga. Alifunga mlango wa stoo, akazungusha ufunguo mara mbili, akautia mfukoni, akasimama kwa heshima.

Kisha mlango ukagongwa kwa ngumi kutoka ndani.

"Nondo! Umefanya nini?"

"Si umesema funga, Dada? Nimefunga. Hapiti mtu."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini Dada Bomba alipotoka hakucheka.

"Leo tumecheka," alisema. "Siku ya moto tungezika. Kosa ni langu, neno nililotumia ni baya. Mtu akisikia funga, mmoja anasukuma mlango, mwingine anatafuta ufunguo. Kuanzia leo neno hilo silitaki hapa. Tutasema rudishia. Unausukuma mlango mpaka ukae mahali pake. Basi. Hakuna komeo, hakuna ufunguo. Anayetaka kutoka anatoka. Moto unaotaka hewa haupati."

"Rudishia," walirudia wote, kama darasa la kwanza.

Mwezi wa tano ringi ililia kwa mara ya kwanza. Sufuria ya mafuta ilikuwa imeshika moto kwenye mgahawa wa kona. Miali ilifika usawa wa kichwa. Mpishi alikuwa ameinua ndoo ya maji.

"Weka chini!" Dada Bomba alifoka. "Ukitia maji kwenye mafuta yanayowaka, yatakurukia usoni!"

Alizima jiko. Alichukua mfuniko mpana, akausogeza taratibu kutoka upande wake, akafunika. Basi. Moto uliokuwa unalamba dari ukatoweka. Hakuna maji, hakuna kelele. Fundi alisimama pale na fulana yake mpya, mdomo wazi.

"Ni hivyo tu?" aliuliza.

"Ni hivyo tu. Umenyimwa hewa. Lakini usiufunue mpaka sufuria ipoe kabisa, la sivyo utarudi."

Alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Mfuniko! Kila mtu ana mfuniko. Alimsimulia Mama tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akaingia kwenye jambo lililokuwa likimnyima raha tangu mwezi wa kwanza.

"Mama, naomba ukilala uwe unafunga mlango wako."

"Nini?"

"Moto ukitokea huku mbele, ule mlango utakukinga mpaka tukufikie."

Mama aliinuka, akaketi. "Ukinifungia humu nitakufa kimya kimya, mje mnikute nimekauka. Nimelea watoto sita, hakuna aliyewahi kunifungia ndani kama mbuzi."

"Si kukufungia, Mama, ni..."

"Nimesema. Mlango wangu utabaki wazi. Nisiposikia cherehani, silali."

Walinuniana siku tatu. Fundi alijaribu kubembeleza, akajaribu kutisha, akajaribu kumtuma mumewe kwa simu. Hakuna kilichosaidia. Kila alasiri alishona huku jicho moja liko kwenye sindano na jingine liko kwenye korido, na vidole vyake vilichomwa mara nyingi mwaka ule kuliko miaka yote.

Mwezi wa saba bomba la jikoni lilivuja, na Dada Bomba akaja kulitengeneza. Mama alimwita chumbani kwake kwa sauti kubwa.

"Wewe ndiye unayemfundisha mkwe wangu kufungia wazee?"

Dada Bomba aliingia, akapiga goti kando ya kitanda. "Shikamoo, Mama. Nani amesema kufunga?"

"Marahaba. Yeye huyo."

"Basi amekosea neno. Hatufungi mtu. Tunarudishia tu. Tazama." Alisukuma mlango kwa kidole mpaka ukakaa. Akauvuta kwa kidole hicho hicho, ukafunguka. "Ufunguo tunautoa, anakaa nao mkweo. Wewe mwenyewe ndiye mwenye mlango. Na ukiona moshi unapenya chini, chukua shuka, uliloweshe kwa maji ya kunywa hapo, uzibe ufa. Kisha nenda dirishani, ufungue, upige kelele. Sauti unayo, naisikia mpaka kwangu."

Mama aliutazama mlango. Aliusukuma kwa ncha ya fimbo. Ukarudi. Akauvuta. Ukaja.

"Kufunga ni kufunga," alisema. "Kurudishia ni kurudishia. Sasa kwa nini huyu hakusema hivyo?"

"Kwa hiyo utarudishia, Mama?" fundi aliuliza kutoka koridoni.

"Nitafikiri."

Tangu siku hiyo, kila fundi aliporudi kutoka mazoezini au sokoni, aliukuta mlango uko wazi vile vile, na Mama amejilaza akitazama dari kama mtu asiye na habari. Fundi alikata tamaa. Alitoa ufunguo, akaweka ndoo ndogo ya maji kando ya kitanda, akamwachia Mungu.

Mwezi wa kumi kiangazi kilikuwa kikali. Majani yalikauka mpaka yakawa yanapasuka chini ya miguu. Siku moja saa nane mchana, fundi alikuwa anapiga pasi gauni la bibi harusi. Umeme ukakatika. Aliiweka pasi juu ya meza, juu ya kitambaa cha kupigia, akakaa kuungoja umeme.

Badala ya umeme, ikaja ringi. Ngaa! Ngaa! Ngaa! Uwanja wa shule ulikuwa unawaka majani, na watoto walikuwa madarasani.

Fundi alivaa fulana. "Mama, natoka!" Akarudishia madirisha na mlango wa mbele, maana mkono ulikuwa umezoea, akakimbia. Pasi aliiacha mezani, waya wake uko kwenye soketi. Mganga hajigangi.

Moto wa majani waliuzima kwa nusu saa. Waliupiga kwa matawi mabichi, wakamwaga maji mbele yake, wakaukata njia. Watoto walitolewa kwa mistari, hakuna aliyeumia. Fundi alikuwa anafuta masizi usoni, moyo umejaa fahari, aliposikia redio ya dukani ikianza kuimba ghafla. Umeme umerudi.

Hakuwaza lolote. Alikunywa maji. Alicheka na wenzake kwa muda wa robo saa. Ndipo mwalimu akanyoosha kidole kuelekea mtaani.

"Kule kuna moshi."

Fundi aliangalia. Akaujua upande ule. Akaliona gauni jeupe machoni, na kando yake pasi.

"Mama," alisema. Hakupiga kelele. Lilitoka kama pumzi. Kisha akatimua mbio hata ringi haijagongwa.

Alifika wa kwanza. Vioo vya chumba cha kushonea vilikuwa vyeusi kwa ndani. Moshi ulipenya chini ya mlango, mweusi na mzito, kama ule wa mwezi wa kwanza. Majirani walikuwa wamejaa, na mmoja wao akapiga kelele, "Fungua! Mama mzee yumo ndani! Fungua upite!"

Fundi aliweka mgongo wa kiganja kwenye mlango. Akautoa haraka. Ulikuwa wa moto kama pasi yenyewe.

Kila kiungo cha mwili wake kilimwambia avute. Mama alikuwa hatua kumi na tisa tu. Hatua kumi na tisa! Na ile korido, na ule mlango wa Mama ulio wazi siku zote, na hewa ambayo moto ulikuwa unaingoja. Alisimama mbele ya kitasa huku machozi yanamtoka, na mikono yake akaishika mgongoni.

"Asifungue mtu!" alisema. "Mlango huu usiguswe mpaka maji yafike! Zimeni umeme!"

Alizunguka nyumba, akafika kwenye dirisha la nyuma. Lilikuwa na vyuma vinene, kazi ya Nondo. Alishika vyuma kwa mikono miwili.

"Mama! Mama!"

Akavitikisa vile vyuma.

"Mama, nisamehe! Mama!"

Dirisha likasukumwa kutoka ndani. Uso wa Mama ukatokea katikati ya vyuma viwili, umenuna.

"Unalilia nini? Sijafa. Nimerudishia."

Fundi alipiga magoti pale pale chini.

Nyuma yake alisikia gurudumu la mkokoteni, kisha sauti ya Dada Bomba, tulivu kana kwamba anaagiza chai. "Seremala, mpira mlangoni, subiri neno langu. Nondo, mtaimbo, dirisha la nyuma. Mtu kwanza, nyumba baadaye."

Nondo alifika akihema. Alitazama vyuma alivyovichomelea kwa mikono yake miaka minne iliyopita. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo, mpaka akafika cha chini, upande wa kushoto.

"Hapa," alisema. "Hapa nilichomelea haraka. Siku ile nilikuwa na njaa."

"Ashukuriwe Mungu kwa njaa yako," Mama alisema kutoka ndani. "Fanya upesi, moshi umeanza kunikohoza."

Nondo aliingiza mtaimbo, akajitupa na uzito wake wote. Chuma kikalia. Akajitupa tena. Kiungo kikaachia, na vile vyuma vikakunjika upande mmoja, nafasi ya mtu ikapatikana. Mama alitoa fimbo kwanza. "Ishike vizuri, usiivunje." Kisha akatoka yeye, amebebwa na mikono sita, na fundi akampokea kifuani, mzito, mwenye joto, anakohoa, mzima.

"Mtu yuko nje!" fundi alipiga kelele.

"Fungua!" Dada Bomba aliamuru kule mbele. "Maji!"

Seremala alikuwa amepiga goti kando ya mlango, si mbele yake. Mtu mmoja alivuta kitasa kwa kamba. Moto ulitoka kwa mvumo ule ule, lakini safari hii ulikutana na maji. Mtu ambaye nyumba yake iliungua yote mwezi wa kwanza alisogea mbele inchi kwa inchi, uso ameuinamisha, hakurudi nyuma hata mara moja. Nyuma yake watu walipokezana ndoo kujaza tangi. Muuza duka alikuwepo. Mpishi wa kona alikuwepo. Fundi aliwatazama akiwa ameketi chini na Mama. Hawa watu aliwajua miaka yote. Alijua nani mchoyo, nani mvivu, nani hasalimii. Na hawa ndio walikuwa wanatembea kuelekea kwenye moto kwa ajili ya nyumba isiyo yao.

Lita mia tano zilikwisha mara tatu. Saa kumi moto ulikuwa umekufa.

Chumba cha kushonea kilikuwa majivu. Cherehani ilikuwa chuma tu. Korido ilikuwa nyeusi tangu sakafuni mpaka juu. Dada Bomba alimshika fundi mkono, wakatembea mpaka mwisho. Mlango wa Mama ulikuwa mweusi, rangi imeiva na kutoka malengelenge. Dada Bomba aliusukuma, shuka bichi likasuguana na sakafu.

Ndani, ukuta ulikuwa na rangi ya samawati kama jana. Mto ulikuwa na shimo la kichwa cha Mama. Kwenye stuli palikuwa na miwani yake na nusu kikombe cha maji. Upande huu wa mlango ungeweza kuweka mkono bila kuungua. Ubao wa unene wa vidole viwili ndio uliokaa katikati ya vyumba hivi viwili. Fundi alisimama mlangoni, akatazama huku, akatazama kule, akatazama tena huku.

Baadaye alimuuliza Mama. "Ulikuwa unakataa. Kila nikirudi nakuta mlango wazi."

"Ukitoka, narudishia," Mama alisema. "Nikikusikia unarudi, nafungua. Nisingekubali useme umenishinda."

Mwezi wa kumi na mbili watu waliitwa tena kwenye darasa la shule. Safari hii madawati hayakutosha. Nondo alikuwa amekwisha kupita nyumba kwa nyumba. Katika kila nyumba dirisha moja la chumba cha kulala lilitiwa bawaba kwenye vyuma vyake, na kitasa kinachofunguka kwa ndani bila ufunguo. Mama alikaa mbele kabisa, fimbo magotini, kama mgeni rasmi. Dada Bomba alimwita fundi aseme.

Fundi alisimama. Alikuwa amejiandaa kusema juu ya milango, lakini alipowaona watu wanavyomtazama kwa sifa, aliacha habari hizo.

"Moto ule," alisema, "niliuwasha mimi. Umeme ulikatika, nikaiacha pasi kwenye soketi. Nilikwenda kuzima moto wa wenzangu. Umeme uliporudi, pasi ilikuwa kando ya gauni. Mimi, mwanakikosi, mwenye fulana."

Mwanamume mmoja nyuma akauliza, si kwa ubaya, "Sasa, dada, kwa nini tukusikilize wewe?"

Dada Bomba hakumtetea.

Fundi alifikiri. Aliinua macho kwenye taa ya darasa. Ilikuwa imezimika.

"Leo umeme umekatika saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nane," walijibu.

"Wakati unakatika, mlikuwa mnafanya nini?"

Kisha dawati moja likalia. Mwanamke mmoja alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Nakuja mara moja." Akatoka. Kijana mmoja akajipapasa mifuko kama aliyesahau kitu, naye akatoka. Wakasimama wawili kwa pamoja. Yule mwanamume wa nyuma akakuna kichwa, akasema, "Jiko la umeme," akatoka akikimbia. Fundi alianza kuwahesabu. Alifika kumi na saba, wakiwa wametawanyika barabarani mchana kweupe, kila mmoja na nyumba yake, akashindwa kuendelea kwa sababu ya machozi.

"Kaa, mwanangu," Mama alisema, akimvutia kiti kwa fimbo. "Watarudi."

Walirudi wote, wanahema, wanaona haya, wanachekana. Waliposikia kwamba kuna daftari la kujiandikisha, walipanga foleni. Umeme ulirudi saa kumi na moja na robo. Katika mtaa mzima, hakuna kilichoungua.